Dawa ya Kumbukumbu kwenye Chupa ya Wanga

Mama yangu ni dobi, na kabla hujaanza kumwonea huruma, ngoja nikwambie kwamba hapa mtaani hakuna anayejua siri za watu kama yeye. Anajua nani anakula akiwa amelala chali, nani ameacha sigara mbele ya mke wake tu, na nani amenenepa lakini hataki kukubali. Yote hayo anayasoma kwenye nguo. Watu wanamwita Kompyuta, na jina hilo amelitolea jasho.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta, meza ya pasi na mimi mwenyewe. Katikati nguo zilizokwisha kunyooshwa zinaning'inia mpaka karibu na dari, na nyuma kuna mabeseni, mashine mbili kuukuu za kufulia zinazotikisa ukuta, na mlango wa kutokea uani kwenye kamba. Madobi wengine wote ninaowajua huweka alama. Wanabana kijikaratasi chenye namba kwenye kola, au wanashonea uzi wa rangi. Mama hajawahi. Nguo ikifika anaishika, anavuta mshono, anatazama kwapani, basi, imeshaingia kichwani. Mpe rundo la mashati meupe, ataokota moja bila kusita na kusema, "Hili la fundi saa. Ona kiwiko kilivyolika, anaegemea upande mmoja akiwa kazini." Nimemsihi miaka nenda rudi tuweke namba kama binadamu wengine. Jibu lake halibadiliki.

"Namba ni za wafungwa," anasema.

Mama haogopi mambo mengi. Nimemwona akimfukuza mwizi wa shuka kwa brashi ya kusugulia. Anachokiogopa ni kusahau. Bibi, mama yake mzazi, aliishi nasi mwisho wa uhai wake, na Mama ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha na kumgeuza kitandani. Bibi alimpenda sana. Alimsifu kwa kila aliyekuja kumsalimia. Tatizo ni kwamba hakujua kuwa ni binti yake. Alimwita dada wa kufua. "Dada wa kufua, una mikono ya upole," alimwambia huku amemshika vidole. "Binti yangu atakuja lini kuniona?" Mama alimjibu kwamba atakuja kesho, halafu akatoka uani kufua vitu visafi.

Basi ikatokea ile Jumatatu ya suruali.

Mlango ulifunguliwa asubuhi, akaingia mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu mwembamba wa kupita kwenye ufa. Mikono yote miwili ilishika kiuno, na mkoba alikuwa ameubana kwapani. Suruali aliyovaa ingemtosha yeye na msaidizi wake, na nafasi ikabaki ya mgeni. Alikuwa amevaa haraka haraka kwenye giza, akagutuka akiwa tayari barabarani.

"Mama Kompyuta," alisema kwa sauti ya mtu anayetunza heshima yake kwa shida, "hii si yangu."

Kabla Mama hajajibu, akaingia mwokaji mikate wa pale kona, pande la mtu, amejifunga aproni, suruali mkononi. Chini ya aproni miguu ilikuwa mitupu na imejaa unga.

"Yangu imegoma magotini," alisema. "Nimeanguka nayo juu ya magunia."

Wakatazamana. Mwalimu mkuu akaitambua suruali yake mkononi mwa mwokaji, mwokaji akaitambua yake mwilini mwa mwalimu mkuu, na hapo adabu ikatushinda sote. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mwokaji alicheka mpaka aproni ikawa haitoshi kumsitiri, ikabidi mwalimu mkuu amwambie ageuke. Waliingia nyuma ya mashuka, wakabadilishana, wakatoka wakiwa marafiki.

Walipoondoka Mama aliendelea kucheka kidogo, kisha akaacha.

"Suruali zote mbili ni za kahawia," nilimwambia. "Mtu yeyote angekosea."

"Mimi si mtu yeyote." Alikuwa akitazama viganja vyake. "Nilizishika, mwanangu. Nikazivuta mshono. Hazikuniambia kitu. Nikaona aibu kukuuliza, nikabahatisha." Halafu akasema, "Mama yangu naye alianza hivi hivi."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Ndivyo ninavyofanya nikiogopa, nakuwa mkali kama pilipili. Lakini siku hiyo sikuweza, nikaenda kuwasha pasi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu, kuna kibanda cha Bi Mizizi, rafiki wa Mama tangu ujana wao. Anauza majani, magome na mizizi, na ana sifa moja ambayo wenzake wengi hawana. Hajawahi kuahidi kwamba kitu chake kinaponya. Yeye husema "watu wanasema", anakufungia, anakutakia heri. Jioni ile ile Mama alivuka barabara, akarudi amebeba kikapu kilichomfunika uso.

"Watu wanasema rozimari inafungua kichwa," alitangaza.

"Watu gani?"

"Watu! Unataka nikuletee vitambulisho vyao?"

Kuanzia hapo duka likawa jiko la mganga. Rozimari ilichemshwa, na maji yake yakatiwa pia ndani ya pasi ya mvuke, eti mvuke upande moja kwa moja puani. Mtaa mzima ukanukia. Mteja mmoja alirudi kulalamika kwamba tangu avae shati lake anasikia njaa kila saa, na mwenzake wa ofisini anamsogelea kupita kiasi. Majani ya mlonge yaliyosagwa yaliingia kwenye chai, kwenye mayai, hata kwenye maji ya kunywa, yakayafanya yaonekane kama maji ya bwawa. Mrehani aliuchomeka nyuma ya sikio. Lakini mfalme wa dawa zote alikuwa manjano, yaliyochemshwa na tangawizi na pilipili manga mpaka yakawa mazito, na mimi nilishurutishwa kuyanywa pia.

"Mimi bado kijana," nilimwambia.

"Ubongo wako nao unazeeka, usijione. Meza."

Nikameza. Nilipiga chafya mchana kutwa, na chafya zenyewe zilikuwa za njano.

Shida ya dawa ya kumbukumbu ni kukumbuka kama umeinywa. Mama aliniuliza, nikamjibu amekunywa. Akaniuliza tena kama nina hakika. Akaenda kwenye kioo kutazama ulimi, na kwa kuwa ulimi ulikuwa wa njano tangu juzi, ushahidi huo haukusaidia, akaona bora anywe tena asije akajilaumu. Wiki zilivyopita alizidi kunywa. Mikononi mwake zikaanza kutokea alama za bluu, moja hapa, nyingine pale. Nilipomuuliza alisema ni mabeseni. Nilimwamini, maana mabeseni yetu yana makali.

Halafu akagundua kwamba mikono yenye povu haishiki kikombe vizuri. Suluhisho alilibuni mwenyewe na alijivunia sana. Alichukua chupa tupu ya kupulizia, ile tunayotilia wanga wa kunyooshea nguo, akaijaza dawa yake. Sasa angeweza kufua huku anajipulizia kinywani, fyuu, fyuu, bila kuacha kazi.

"Mama, chupa hizo zinafanana," nilisema. "Zote bluu, hazionyeshi ndani."

"Ya wanga inakaa kulia, ya dawa kushoto. Au unadhani nimeshasahau mkono wa kulia ni upi?"

Nilikwenda uani kuanika.

Nilichosikia kutoka uani ni hiki. Mama alikuwa amechukua nafasi yangu kwenye meza ya pasi, Bi Mizizi ameegemea kaunta, na wote wawili walikuwa wanamjadili mpangaji mpya wa ghorofani. Maneno yalikuwa yanatiririka. Ghafla Mama akanyamaza katikati ya neno, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Nikatupa shuka, nikakimbilia ndani nikijua amepatwa na kubwa.

Alikuwa amesimama wima, ametoa mimacho, midomo imebanana. Alikuwa amejipulizia wanga, tena mzito, ule wa kola. Mkono wake ulinionyesha meza. Juu ya meza palikuwa na koti jeupe la daktari, safi, limenyooka, na kutoka begani mpaka mfukoni lina mto wa njano unaong'aa kama jua la mchoro wa mtoto.

"Koti!" Bi Mizizi alipiga kelele.

"Mmmh!" alisema Mama.

Dobi yeyote atakwambia, manjano hayana simile. Ukiyapitishia pasi ya moto ndiyo umeyapa makazi ya kudumu. Tulililoweka koti lile, tukalisugua, tukalikamulia limau, tukalianika kwenye jua kali, na Bi Mizizi akaja na majani ambayo watu wanasema yanatoa madoa. Hao watu nikiwakuta! Mwisho wa yote lilibaki na rangi ya kifaranga. Na katikati ya kusugua ndipo tulipoanza kucheka, kwanza Bi Mizizi, halafu mimi, halafu Mama aliyekuwa bado anatema vipande vya wanga. Tulicheka mpaka povu likatuingia machoni. Sijui kwa nini. Nadhani tulikuwa tumeogopa kwa muda mrefu na tulihitaji kupumzika.

Mwenye koti alikuja kesho yake. Ni mama mfupi mwenye miwani, daktari wa wazee katika hospitali ya huku kwetu, msema kidogo. Mama alijikaza kisabuni, akaliweka koti juu ya kaunta, akasubiri kufokewa. Bi Mizizi alikuwa amevuka barabara mapema asikose.

Daktari alilitazama koti. Akaliinua, akalinusa.

"Manjano," alisema. "Rozimari. Na hii nyingine ni pilipili manga?"

"Kidogo tu," Bi Mizizi alidakia. "Watu wanasema inasaidia manjano kuingia mwilini."

"Hapo watu wamesema kweli. Lakini ni dawa ya nini?"

"Ya kumbukumbu," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Na koti langu lilikuwa limesahau nini?"

Nilimpenda hapo hapo. Mama naye alicheka, akajifunika mdomo kwa mkono, na mkono ulipopanda, mkono wa gauni ukashuka. Daktari akaacha kutabasamu. Alikuwa anatazama zile alama za bluu.

"Mama, unatumia vidonge vyovyote?"

"Vile vya damu isigande tu. Tangu mguu uliponivimba."

"Na hii dawa unakunywa kiasi gani?"

Mama alinitazama mimi. Mimi nikaitazama chupa. Daktari akasema acha kuanzia leo, uje kesho asubuhi tuzungumze na tupime damu, na akaondoka na koti lake la kifaranga mkononi.

Mama alisema haendi. Ana kazi, ana mapazia ya watu, na hospitali ni mahali pa kwenda kuambiwa unaumwa. Nikapandisha sauti mpaka mpangaji mpya akachungulia dirishani. Nilimwambia asipokwenda nitabandika namba kwenye kila nguo humu ndani, na yeye nitambandika pia.

"Utanibandika wapi?"

"Kwenye paji la uso!"

Akafikiria kidogo. "Basi iwe namba moja," alisema, na kesho yake akavaa gauni lake la kutokea tukaenda.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza, vitanda viwili, kalenda iliyogeuziwa ukutani ili wagonjwa wasinakili, na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Mtu angemwona Mama alivyojibu maswali angedhani ni mchezo wa redio. Alipoulizwa tarehe alisema yeye hana haja nayo, siku anazijua kwa uchafu, Jumamosi nguo za kazi, Jumatatu nguo za shughuli. Alipoambiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo, aliwataja na doa la kila mmoja na namna ya kulitoa. Mkojo wa paka, alisema, hautoki, mhame nyumba. Daktari aliandika huku mabega yanamtikisika. Alipoambiwa achore saa, aliichora vizuri, duara safi, akaanza kupanga namba, akafika katikati, akasimama.

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi na haishuki. Nilitamani kuichukua nimalizie, kama vile yeye alivyokuwa akinimalizia hesabu nikiwa mdogo. Kisha akaiweka chini taratibu na kusema, "Fundi saa asije akaniona."

Tulirudi mara nyingine kuchukua majibu. Daktari hakuzungusha maneno, na kwa hilo namheshimu. Alisema kuna kitu. Ni kidogo, ni zaidi ya uzee wa kawaida, lakini bado hakijafikia ule ugonjwa wenyewe. Huenda kikakaa hivyo miaka. Huenda kikasogea. Hakuna anayeweza kumwapia.

"Na majani yangu?" Mama aliuliza.

"Yanachunguzwa na wataalamu, na mimi nitafurahi siku wakinipigia simu usiku kuniambia wamepata jibu. Mpaka leo sijaona jani lililothibitishwa kwamba linazuia. Mlonge ni mboga, kula. Rozimari nusa upendavyo. Manjano tia kwenye chakula. Kuyanywa kwa machupa ukiwa na vidonge vile ndiko kulikokuwa kunakutoa damu chini ya ngozi."

"Sasa ubongo wangu niulinde na nini?"

"Shinikizo la damu tulidhibiti. Ulale vya kutosha. Utembee kila siku. Ujifunze kitu kipya. Na ukae na watu, uongee nao, ucheke nao, ufuatilie mambo yao."

Mama alisogea mbele kwenye kiti. "Kwa hiyo dawa ni umbea."

Daktari alivua miwani akaifuta. "Kwa kiasi," alisema, "ndiyo."

Jamani! Mama alitoka mle ndani kama aliyepewa cheo. Alimsalimia mlinzi, akamuuliza habari za mguu. Akamsimamisha mfagiaji, akajua watoto wake wote. Njiani alitembea kwa kasi mpaka nikawa namkimbilia, huku anapanga jinsi atakavyomwambia Bi Mizizi kwamba miaka yote hii walikuwa wanajitibu bila kujua. Tulicheka barabara nzima. Watu walitupisha.

Kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani kuna benchi la saruji, akasema apumzike kidogo. Tukakaa. Alikunja gauni lake vizuri magotini, akanyoosha pindo kwa kiganja, kama anavyofanya kwa kila kitambaa kinachopita mbele yake.

"Kesho uanze kuweka namba," alisema.

Mimi niliyemsihi miaka nenda rudi, nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia bado, tusubiri kidogo, suruali za kahawia zinafanana kweli. Nikaitikia kwa kichwa tu.

"Sikiliza," alisema. "Kama ikifika siku sikujui, usinifanyie nilivyomfanyia mama yangu, kutoka nje kwenda kulia na beseni. Mimi ndiye niliyekosea pale. Nilitaka anijue kwa nguvu. Wewe njoo dukani kama mteja."

"Mteja?"

"Mteja. Lete hata kitambaa cha mkono kichafu. Mimi mteja simfukuzi, hata niwe nimechanganyikiwa namna gani. Nitakupokea kwa mikono miwili, nitakuuliza umelalaje, umekula nini. Na nitakuita mwanangu, maana wateja wote ndivyo ninavyowaita. Wewe itikia. Mimi sitajua, lakini wewe utakuwa unajua kwamba ni kweli."

Mimi ni mkali, nimeshasema, na hasira zangu zilinitoroka zote pale kwenye benchi. Nililia mbele za watu bila kujificha. Nikamwambia nitakuja kila siku, asubuhi na jioni, na nguo zikiniishia nitagaagaa kwenye matope kwa makusudi.

"Matope sawa," alisema Mama, ananifuta uso kwa upindo wa gauni lake la kutokea. "Usije tu na manjano."